MWILI WAKO NA KAZI YAKO

Mafundisho kwa wanaokaa sana kazini, na kwa wanaochoka sana kazini



Jioni ukirudi toka kazini unasema: Leo nimechoka. Nasi twaamini kwamba umechoka. Lakini twataka kukuuliza neno moja. Ni kitu gani kilichochoka? Ni miguu na mikono? Au ni macho, mgongo na kichwa tu?

Karani aliyekaa mezani tangu saa mbili ya asubuhi mpaka saa kumi amechoka kweli. Shofere aliyeshika usukani mchana wote amechoka vilevile. Na mama ashonaye nguo kwa cherehani, na mtu auzaye vitu dukani, na mwalimu anayesahihisha madaftari, hao wote wamechoka. Lakini ukiwauliza wamekwenda hatua ngapi siku ile, watakujibu: Tangu kitini mpaka mlangoni, na tangu mlangoni mpaka kitini. Kichwa chao kimefanya kazi, lakini mwili wao umekaa bure.

Mwenzao amebeba magunia ya muhogo tangu sokoni mpaka bandarini, ama amesukuma chukudu juu ya mawe ya Goma, ama amepanda vilima vya Bukavu na mzigo mgongoni. Naye anasema: Nimechoka. Watu hawa wanatumia neno moja, lakini uchovu wao si mmoja, wala dawa yake si moja. Basi soma polepole, ili ujue wewe u katika kundi gani, na kitu gani kinakufaa.

1. SABABU GANI JAMBO HILI NI KUBWA

Sisi tunaofanya kazi ya hospitali tunafundisha siku zote juu ya malaria, juu ya minyoo, juu ya maji safi na choo. Hatutaacha kufundisha hivyo. Lakini angalia watu wanaokaa kwenye mabenchi yetu siku ya kupimwa. Wengi hawana homa. Wengine wana ugonjwa wa damu kupanda, na wengine wana ugonjwa wa sukari. Zamani watu walisema: Hayo ni magonjwa ya Wazungu na ya matajiri. Wasidanganyike. Siku hizi yanaingia katika nyumba ya fundi wa nguo kama yanavyoingia katika nyumba ya mkubwa wa kampuni.

Ubaya wa damu kupanda ni huu: haina maumivu. Mtu anakula, anacheka, anakwenda kazini, na mishipa yake inaharibika kidogo kidogo. Halafu asubuhi moja mdomo unapinda, mkono unaanguka, maneno yanapotea. Ni kiharusi. Mtu aliyekuwa nguzo ya nyumba sasa analishwa kwa kijiko. Mshahara unakwisha. Watoto wanakaa nyumbani kwa sababu hakuna feza ya shule. Mke anaacha soko lake ili amgeuze mume wake kitandani. Ugonjwa ni wa mtu mmoja, lakini mzigo wake unabebwa na jamaa yote.

Mtu kukosa kutembeza mwili si sababu ya peke yake ya magonjwa hayo. Chumvi nyingi, sigara, pombe, unene, na damu ya ukoo wetu vina sehemu yao. Lakini kukaa ni sababu moja ambayo tunaweza kuigeuza bila kununua kitu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza hesabu ya mwaka 2022: katika watu wazima 100 wa dunia yote, watu 31 hawakutembeza miili yao kwa kadiri inayotosha.

2. MWILI UNAFANYA NINI UKITEMBEA

Tazama jembe. Jembe linalolima kila siku linang'aa. Lile lililotundikwa ukutani linashika kutu, ijapokuwa lilinunuliwa siku moja na mwenzake. Mwili nao ni hivyo.

Ukitembea, nyama za miguu zinavuta sukari kutoka katika damu na kuitumia kama mafuta ya motokari. Kwa hiyo sukari ya damu inashuka. Nyama za nyuma ya goti mpaka kisigino zinabana mishipa na kusukuma damu irudi juu kwa moyo. Ndiyo sababu mtu aliyekaa mchana wote anaona viatu vyake vimembana jioni: damu na maji vimekaa chini. Moyo unaozoea kazi unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, basi haupigi mbio kwa kazi ndogo. Mishipa inalegea, na nyuma ya majuma mengi nguvu ya damu inashuka kidogo. Mifupa inakuwa migumu. Usingizi unakuwa mzuri. Na wale wenye huzuni nyingi na mawazo mengi, mara kwa mara wanaona nafuu.

Tena sikiliza habari hii. Katika inchi ya Marekani waganga walichagua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajapata ugonjwa. Kundi moja walifundishwa kupunguza uzito na kutembea dakika 150 kila juma. Kundi lingine walipewa dawa ya metformine. Kundi la tatu walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Habari ilitangazwa mwaka 2002. Dawa ilipunguza ugonjwa wa sukari kwa sehemu 31 katika 100. Kutembea na kupunguza uzito kuliupunguza kwa sehemu 58 katika 100. Miguu na chakula vilishinda kidonge.

3. WAFANYAKAZI WA MOTOKARI ZA LONDON

Nani alionyesha kwanza, kwa hesabu kubwa, ya kuwa kukaa kazini kunaleta hatari? Alikuwa mganga wa Uingereza, jina lake Jeremy Morris. Mwaka 1953 yeye na wenzake walitangaza habari ya wanaume karibu 31,000 wa kazi ya kuchukua abiria katika mji wa London.

Motokari za mji ule zilikuwa na ghorofa mbili. Katika kila motokari walikuwa watu wawili. Mmoja ni shofere. Yeye alikaa kitini karibu saa zote za kazi. Wa pili ni mkata tiketi. Yeye alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku, ili kuuza tiketi kwa abiria wa juu na wa chini. Watu hawa walifanya kazi katika motokari ile ile. Walivuta moshi ule ule wa njia. Walilipwa na kampuni moja. Lakini mashofere walishikwa na ugonjwa wa moyo kupita wakata tiketi, na tena ulipowashika, uliwaua upesi zaidi. Morris alitazama kazi ya posta vilevile. Wale waliopeleka barua kwa miguu na kwa baisikeli walikuwa na moyo mzuri kupita makarani waliokaa biro.

Wengine waliuliza: Labda mashofere walikuwa wanene tangu mwanzo? Ni swali jema. Morris mwenyewe alilichunguza mwaka 1956 kwa kutazama vipimo vya suruali za kazi, akaona ya kuwa mashofere walikuwa na viuno vikubwa kupita wenzao, hata wale waliokuwa wapya kazini. Basi ngazi hazikuwa sababu yote. Lakini tangu siku zile watafiti wa inchi nyingi wamerudia kupima kwa ginsi nyingine, na neno limesimama: mwili unaotembea unalindwa. Morris naye alifuata mafundisho yake. Alikufa mwaka 2009, umri wake miaka 99.

Sasa shika neno hili, kwa sababu tutalirudia. Hakuna mtu aliyewafundisha wakata tiketi wale habari ya moyo. Hawakuandikishwa katika kundi la mazoezi. Ngazi ilikuwa ndani ya kazi yao. Kila siku iliwapandisha, watake wasitake.

4. NA MWENYE KUBEBA MIZIGO JE?

Mtu wa chukudu atasema: Basi mimi ni mzima, kwa sababu natoka jasho tangu asubuhi. Ndugu, tunakuheshimu kwa jasho lako, lakini sharti tukuambie kweli.

Mwaka 2021 watafiti wa Copenhagen, katika inchi ya Denmark, walitangaza habari ya watu kupita 100,000. Waliona ya kuwa wanaotembeza mwili wakati wa mapumziko yao walikuwa na hatari ndogo ya moyo na ya kufa. Lakini wale wenye kazi nzito sana walikuwa na hatari kubwa zaidi. Sababu gani? Watafiti wanafikiri ya kuwa mzigo mzito unapandisha nguvu ya damu kwa saa nyingi bila kuishusha, na mtu hapati nafasi ya kupumzika mwili wake utengenezwe tena. Mtu atembeaye kwa hiari anasimama akichoka. Mwenye mzigo hasimami, kwa sababu mwenye mali anamngoja.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni nzito, usijiongezee mbio jioni. Wewe unahitaji mambo mengine. Pumzika dakika chache kila saa, uketi penye kivuli. Kunywa maji safi mara nyingi, usingoje kiu. Gawanya mzigo mara mbili kuliko kuubeba mara moja. Ukiinua kitu, kunja magoti, shika mzigo karibu na tumbo, usipinde mgongo kama upinde. Lala saa zinazotosha. Na upimwe damu yako, kwa maana nguvu ya mabega si ushuhuda wa moyo.

Na wewe mkubwa wa kazi, usimwambie mtu aliyebeba simenti mchana wote aje kuruka-ruka uwanjani. Mpe pumziko, maji na kigari cha kusukuma mizigo. Hayo ndiyo mazoezi yake.

5. MAMBO YALIYOFANYWA MAHALI PENGINE

Katika inchi ya Japani, tangu mwaka 1928, redio inapiga muziki na sauti ya mtu inaongoza mazoezi mafupi. Nyuma ya vita yalikatazwa kidogo, yakaanza tena mwaka 1951. Mpaka leo katika viwanda vingi na mahali pengi pa kujenga nyumba, wafanyakazi wanasimama pamoja asubuhi mbele ya kazi, mkubwa na mdogo, wananyosha mikono na migongo dakika chache. Hawalipi kitu, wala hawavai nguo za namna nyingine.

Jirani zetu wa Rwanda nao, tangu mwaka 2016, wana siku za Jumapili ambazo njia kubwa za Kigali zinafungwa asubuhi kwa motokari. Watu wanakwenda kwa miguu na kwa baisikeli, na waganga wanapima damu na sukari kandokando ya njia.

Huku kwetu, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi pamoja na hospitali, shule na viwanja vya michezo. Ilifanya hivyo kwa sababu ilitaka watu wenye nguvu kwa migodi yake. Tunakumbusha jambo hili ili tujue: mkubwa akitunza mwili wa mfanyakazi, anaweza kuwa na faida yake ndani. Si dhambi wote wawili wakipata faida. Lakini mfanyakazi naye aulize: Je, faida yangu iko?

Basi, je, kila mpango wa afya kazini unafaa? Hapana. Tusidanganyane. Katika Marekani makampuni yanatumia feza nyingi sana kwa mipango ya namna hii. Chuo Kikuu cha Illinois kilianza mwaka 2016 kupima mpango mmoja kwa wafanyakazi wake karibu 5,000. Kwa kura wengine waliingizwa katika mpango, wengine hapana. Nyuma ya mwaka, tofauti za afya na za gharama ya dawa zilikuwa ndogo sana ama hazikuonekana. Tena waligundua ya kuwa wale waliokubali kuingia walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo. Mwaka 2019 watafiti wengine walitangaza habari ya kampuni moja ya maduka yenye wafanyakazi karibu 33,000. Nyuma ya miezi 18 wale wa mpango walisema kwamba wanafanya mazoezi zaidi. Lakini nguvu ya damu, uzito na siku za kukosa kazi havikuwa tofauti na wale wengine.

Hii inatufundisha nini? Karatasi haitembei. Masomo hayatembei. Mtu akisikia mafundisho saa moja halafu akarudi kukaa saa nane, siku yake haikugeuka. Kumbuka wakata tiketi wa London: ngazi ilikuwa ndani ya kazi. Basi tukitaka kusaidiana kazini, tusianze na maneno mengi. Tuweke ngazi ndani ya siku ya kazi.

6. GINSI YA KUANZA PAHALI PA KAZI

Pengine unafanya kazi katika biro ya serikali, ama shuleni, ama katika chumba cha mafundi wanne wa nguo. Mpango huu unafaa pote. Hauhitaji feza.

Kwanza, semeni pamoja. Mkubwa na wafanyakazi wakae na kupatana. Mkubwa akiamuru peke yake, watu watanyosha mikono mbele yake na kuketi akigeuka.

Pili, wakati uwe wa kazi. Dakika 10 za asubuhi na dakika 10 za nyuma ya chakula zitoke katika saa za kazi. Usichukue dakika za pumziko la watu ukaziita zawadi.

Tatu, chagueni mwongozi katika wafanyakazi wenyewe, mtu mpole na mwenye kushika saa. Wapokezane kila mwezi.

Ine, geuzeni kazi yenyewe. Wekeni mtungi wa maji ya kunywa mbali na meza, ili kila mtu asimame kuufuata. Atakaye kusema na mwenzake wa chumba cha pili aende kwake, asipige telefone. Mazungumzo ya watu wawili yafanywe mkitembea uani. Kila nusu saa mmoja aseme: Tusimame. Na mashofere, mkifika pahali pa kungojea abiria, shukeni, mzunguke motokari mara tano mbele ya kuketi tena.

Tano, kwendeni kwa miguu sehemu ya njia. Kama unapanda pikipiki ya takisi kila asubuhi, shuka mbele ya kufika, utembee dakika 15 zilizobaki. Jioni fanya hivyo tena. Hizo ni dakika 30 kwa siku, na kwa siku 5 ni dakika 150. Hiyo ndiyo hesabu ya chini ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni liliagiza mwaka 2020 kwa watu wazima: dakika 150 mpaka 300 kila juma za mwendo wa kadiri, na mazoezi ya kutia nyama nguvu siku 2 ao zaidi.

Sita, siri ya mtu ni siri. Mwuguzi akija kupima damu kazini, hesabu iandikwe katika kitabu cha mtu mwenyewe. Isisomwe mbele ya wengine, wala isiwe sababu ya kumfukuza mtu kazi. Mpango unaomwaibisha mtu mnene au mgonjwa utawafukuza wale wale waliouhitaji.

Saba, kumbukeni wanawake. Mama aliyefunga kikwembe hawezi kuruka mbele ya wanaume, wala haifai kumlazimisha. Mazoezi yawe ya kufanyika na nguo za kazi. Mwenye mimba anaweza kutembea vizuri, isipokuwa mganga amemkataza. Na mama aliyechota maji na kutwanga sombe mbele ya kuja kazini, hiyo nayo ihesabiwe. Mwili haujui kama umetembea kwa ajili ya mchezo au kwa ajili ya maji.

7. MAZOEZI YA DAKIKA 10

Haya yanafaa kwa watu wengi. Fanyeni polepole, mkivuta pumzi. Msishindane.

(a) Tembea pahali pamoja, ukiinua magoti, dakika 2.
(b) Zungusha mabega nyuma mara 10, halafu mbele mara 10.
(c) Keti juu ya kiti kigumu, simama bila kujishika kwa mikono, keti tena. Mara 10. Kama huwezi, jishike.
(d) Simama mbele ya ukuta, weka mikono miwili ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, jisukume tena. Mara 10.
(e) Shika kiti kwa nyuma, inua visigino usimame kwa vidole vya miguu, shuka polepole. Mara 15.
(f) Weka mikono kiunoni, pinda mgongo nyuma kidogo, ngoja, rudi. Mara 5.
(g) Malizeni kwa kutembea uani dakika 3.

Utajuaje kama mwendo wako unatosha? Pima kwa kinywa chako. Ukiweza kuimba, unakwenda polepole mno. Ukiweza kusema na mwenzako lakini huwezi kuimba, ni kadiri nzuri. Ukishindwa hata kusema, umepita kadiri, punguza.

Na yule ambaye kazi yake haimwachi kusimama? Asikate tamaa. Mwaka 2016 watafiti walikusanya habari za watu kupita 1,000,000, wakaona ya kuwa wale waliotembea kwa mwendo wa kadiri dakika 60 mpaka 75 kila siku hawakuonekana kuwa na hatari zaidi ya kufa, hata kama walikaa saa 8. Aliyekaa mchana anaweza kutembea jioni. Aliyeshindwa na dakika 60, aanze na 10. Kidogo ni bora kupita bure.

8. WATU WANAOPASWA KUJA HOSPITALI MBELE YA KUANZA

Usianze mazoezi mbele ya kuonana na mwuguzi ama mganga kama unaona mambo haya: maumivu ya kifua ukitembea au ukipanda kilima, pumzi fupi kwa kazi ndogo, kuzimia, miguu kuvimba, ama damu iliyopimwa na kuonekana imepanda sana.

Mwenye ugonjwa wa sukari atembee, inamfaa sana. Lakini avae viatu vya kufunika miguu, atazame nyayo zake kila jioni, na achukue sukari kidogo mfukoni kama anatumia sindano au vidonge vya kushusha sukari. Akisikia kutetemeka, jasho baridi na kizunguzungu, asimame, ale sukari ile upesi.

Mwenye ugonjwa wa damu wa SS asijichoshe, anywe maji mengi, apumzike mara nyingi. Mwenye homa ya malaria apumzike mpaka amepona. Na mtu ambaye hajala kitu tangu jana, msimwambie akimbie. Mpeni chakula kwanza.

Ukiona mwenzako kazini mdomo wake umepinda, au mkono mmoja umelegea, au maneno yake hayasikiki vizuri, usingoje mpaka kesho. Usimpe dawa ya kienyeji, wala maji, wala chakula. Mpeleke hospitali saa ile ile.

9. MANENO AMBAYO WATU HUSEMA

"Mimi ni mkubwa wa biro. Mtu mkubwa hatembei kwa miguu." Kiharusi hakibishi hodi kwa kufuata cheo. Ukitembea wewe, wadogo wako watatembea bila haya.

"Tumbo kubwa ni alama ya mshahara mzuri." Ni alama ya mafuta yaliyokaa kati ya matumbo, nayo yanaalika sukari na damu kupanda. Mke mwenye hekima hasifu tumbo hilo.

"Kila Jumapili mchana nacheza mpira, inatosha." Ni vizuri. Lakini mtu wa miaka 45 aliyekaa siku sita, akiruka siku ya saba kama kijana wa miaka 18, anaweza kuvunjika ama kuumiza moyo wake. Tembea katikati ya juma, ili mpira usikute mwili umelala.

"Nimezeeka." Mwendo wa polepole na kusimama toka kitini vinafaa wazee zaidi, kwa maana vinawazuia kuanguka.

"Natembea sasa, basi naacha dawa zangu za damu." Hapana! Wengi wamepatwa na kiharusi kwa sababu hiyo. Endelea na dawa. Mganga akiona damu imeshuka, yeye ndiye atakayezipunguza.

"Natembea, basi nile nitakacho." Makayabo yana chumvi nyingi, yalowanishe katika maji, umwage maji hayo, urudie tena mbele ya kupika. Usiongeze chumvi mezani. Vinywaji vya sukari vya chupa viwe vya sikukuu, visiwe vya kila siku. Miguu haiwezi kukimbia kila kitu ambacho kinywa kinakubali.

Basi, ndugu msomaji, kesho ukifika kazini usingoje mkubwa, wala karatasi, wala mkutano. Mwambie mwenzako mmoja: Twende tuzunguke uani dakika 10. Mkiwa wawili mmekwisha kuanza. Na mkifika juma la nne bila kuacha, njoni wote hospitali siku ya kupimwa, mlete vitabu vyenu, tuandike hesabu ya damu yenu pamoja.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Sababu gani damu kupanda ni ugonjwa wa hila?
2. Nyama za miguu zinafanya nini na sukari ya damu?
3. Kulikuwa tofauti gani kati ya shofere na mkata tiketi wa London?
4. Sababu gani mwenye kubeba mizigo anahitaji pumziko kupita mbio?
5. Mpango wa afya kazini unaweza kushindwa kwa sababu gani?
6. Katika siku yako ya kazi, "ngazi" yako itakuwa nini?